Niliimba Wimbo wa Yoshie Mbele ya Yoshie

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Udhuru nimejitafutia mwenyewe tangu Ijumaa ya tarehe 18 Desemba 1998, na hakuna hata mmoja uliosimama.

Mimi ni mjane wa Kizanzibari, nakaa Lewisham. Mume wangu alifariki mwaka 1991. Mwaka uliofuata niliingia skuli ya jioni, mtu mzima mwenye binti, nikaketi na vijana wanaolingana na mwanangu, na mwaka 1996 nikapata cheti. Nilijivuna, na bado najivuna. Cheti kile kilinipatia ukarani katika ofisi ya Wajapani hapa London. Kila Desemba wakubwa wetu walikodi chumba cha karaoke: unachagua wimbo kitabuni, mashine inapiga muziki na kuonyesha maneno, tukaimba kwa zamu.

Karaoke! Nani angefikiri kwamba mchezo ule ungenikosesha raha miaka yote hii?

Desemba ya 1997 niliimba wimbo wa Kiingereza. Wakanipigia makofi kama anavyopigiwa mtoto aliyemaliza uji wake. Kisha akainuka Mwingereza mmoja wa idara ya hesabu, sauti yake kama lango lililoshika kutu, akaimba Kijapani, na bosi akasimama kumpongeza! Nilirudi nyumbani nimechukia. Mimi, niliyezaliwa katika nyumba ya waimbaji, nishindwe na lango!

Nikamwendea Yoshie. Alikuwa mpiga chapa wetu, Mjapani, kanizidi umri kidogo, naye mjane. Tulikula pamoja kila mchana. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga nilimfundisha neno moja la kwetu, shoga, mwanamke anavyomwita rafikiye mwanamke, akalipenda, akaniita hivyo mbele ya ofisi nzima.

"Shoga," nikamwambia, "nifundishe wimbo wa Kijapani. Lakini uwe mzito, wa kuwanyamazisha."

Akafikiri, akaimba polepole wimbo mfupi wa watoto wanaorudi nyumbani katika mvua. "Huu."

"Huu? Huu si wa watoto?"

"Ni wa kila mtu. Ukianza tu, chumba kizima kitaimba nawe."

"Sitaki kuimbiwa, Yoshie. Nataka kusikilizwa."

Akacheka. "Shoga, wewe unataka kuimba au unataka kushinda?"

Nilinuna mchana kutwa.

Wimbo mzito niliutaka, na niliujua ni upi. Ni ule aliofungia sherehe Yoshie mwenyewe, wa mtu anayemngoja mwenzake kwenye stesheni wakati wa theluji. Mumewe alikuwa akiuimba kila asubuhi anaponyoa ndevu. Tangu azikwe, Yoshie aliuimba mara moja tu kwa mwaka, pale, mbele ya watu. "Peke yangu siwezi," aliniambia. "Nahitaji watu wanishike." Mjane mwenzangu alinifungulia moyo wake, nami nikasikia nini? Nikasikia wimbo wa kuwanyamazisha!

Nikanunua kaseti ya wimbo ule. Maneno niliyaandika kwa herufi zetu, kwa kuwa irabu zao hazipishani sana na zetu, na kinywa changu kiliyachukua upesi. Niliuimba jikoni miezi mitatu. Binti yangu akipiga kelele kutoka chumbani: "Mum, please! The neighbours!"

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Nilijua! Khalati wangu, dada wa mama, alikuwa mwimbaji wa taarabu. Kwetu kila mwimbaji ana wimbo wake, na mwenyewe akiwa ameketi, huuimbi. Anayeuimba amekusudia kumtukana, na watu wote huelewa hivyo. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini nikajiambia hawa ni Wajapani, taarabu wanaijulia wapi? Wimbo umo kitabuni, na kitabu ni cha wote.

Siku ilipofika nilikivuta kile kitabu kinene cha nyimbo, nikabonyeza namba kwenye rimoti. Jina likatokea kwenye skrini. Yoshie akalitazama, akanitazama, akatabasamu. Alidhani nimemwekea yeye! Akanyoosha mkono apokee maikrofoni.

"Asante, shoga, lakini bado mapema."

"Huu wangu," nikasema.

Nikaimba. Wallahi, hakuna aliyetikisika! Bosi alisimama, akainama, akasema nimeimba kama mzaliwa wa kwao. Nilishinda. Na Yoshie alipiga makofi pamoja na wengine.

Zamu yake ilipofika, wote waliungoja wimbo wa kufungia. Akabonyeza ule wa mvua. Chumba kizima kikaimba naye, hata yule lango. Mimi peke yangu nilikaa mdomo umefumbwa, kwa sababu maneno yake nilikataa kujifunza.

Jumatatu aliniamkia kwa adabu zote, Bibi pamoja na jina la ukoo. Neno shoga sikulisikia tena kinywani mwake. Mchana akala mezani pake.

Desemba ya 1999 bosi alimwomba ule wimbo wa theluji. Akajibu kwa tabasamu, "Nimeusahau." Kusahau! Bosi akanigeukia mimi: basi uimbe wewe. Nilikataa, na kila mwaka nikaombwa tena, na kila mwaka nikakataa. Kukataa huko kulimsaidia nini Yoshie? Nilikwisha kumnyang'anya siku yake moja, na sikujua namna ya kumrudishia!

Machi ya 2003 alistaafu, akarudi kwao. Nilimsindikiza hadi mlango wa lifti, maneno ya kumwomba radhi nimeyapanga tangu usiku. Mlango ulipofunguka nikasema, "Safari njema." Basi! Kiburi kilichonipeleka skuli na nywele nyeupe ndicho kilichonifunga ulimi.

Ndugu msomaji, ukipewa kitabu cha nyimbo, usitafute utakaowashangaza watu. Kwanza tazama nani ameketi akingoja wimbo wake. Na kama umekwisha kukosa, sema kabla lifti haijafika!

Ule wa mvua nimejifunza mwishowe. Nauimba nikiosha vyombo. Una mahali pa kuitikiwa. Nikifika hapo nanyamaza, nafunga bomba, nangoja kidogo, kisha naendelea.