Gari la Mjomba Lililosema Kijapani

Masomo yangu ya fasihi ya kale ya Japani yaligharimu mbuzi kumi na wanne wa mama yangu. Nimewahesabu mara mbili, hawaongezeki wala hawapungui. Ndiyo maana nilichoka, mwanangu Achieng, niliposikia umewatangazia watu wa mtaa wetu wa Mbotela kwamba unaenda Japani kusomea kompyuta, ilhali nafasi uliyopata ni ya mashairi ya kale, kama niliyosomea mimi.

Nakumbuka wiki niliyorudi na digrii yangu. Mjomba Odhiambo alikuwa amenunua gari kuukuu lililotoka hukohuko Japani, na kila akiliwasha, sauti ya mwanamke inasema kitu. Akaniita mbele ya majirani wote.

"Profesa, hebu kuja. Huyu mama anataka nini?"

"Anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara."

"Barabara gani? Hii yetu ya mashimo?" Watu wakacheka. "Basi mnyamazishe."

Nikamwambia sijui kumnyamazisha; mimi nasoma mashairi ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita.

"Wafu! Na mbuzi wetu je, walikufa kwa ajili ya wafu?"

Hasira zikanipanda, nikawaita washamba. Mama, aliyeuza mbuzi katika soko la Kiamaiko maisha yake yote, akanishika mkono. "Nani hununua mbuzi kabla ya kumpapasa mgongo? Wewe umewaletea gunia lililofungwa, halafu unanuna. Wasomee."

Nikawasomea palepale kando ya boneti, kwa Kijapani kisha kwa Kiswahili: mwanamke yuko macho, anasikia nyayo zinakuja, zinapita mlango wake, zinaenda. Basi.

Kicheko kikaisha. Mke wa mjomba akamtazama mjomba. Mjomba akatazama tairi.

"Huyo bwana," akauliza mwishowe, "alirudi?"

"Shairi halisemi."

"Kumbe hata huko wapo," mkewe akasema, akaingia ndani.

Hakuna aliyetaja mbuzi tena. Mpaka Krismasi.

Kwa hiyo achana na hiyo kompyuta yako ya uongo. Waite watu wa Mbotela, uwasomee shairi moja kabla hujapanda ndege. Watacheka, na waache wacheke. Subiri tu yule mmoja atakayeuliza swali. Mungu akupe walimu wenye subira na chumba chenye joto, akurudishe kwetu salama.

Mimi sitakudai mbuzi. Ila lile gari nililirithi, na kila asubuhi yule mama bado anataka kadi yake. Ukifika huko niulizie: ananyamazishwa vipi?