Mama Mutua wa Chini ya Ngazi

Leo nimempatia Mutua mama wa pili, na bado niko na meno yangu. Yote manne.

Mutua ndiye hutunza ploti yetu ya kupanga hapa mtaani Tena. Asubuhi alikuja na gunia, ili akamtupe paka aliyezaa chini ya ngazi pamoja na watoto wake watatu.

Nikamwambia, "Pole pole. Huyo ni Mama Mutua."

"Mzee, unanitukana?"

"Kifungua mimba wake nimempa jina lako. Sasa mtupe mamako watu wakiona!"

Akina mama waliokuwa wakifua wakaangua kicheko. Mutua akaweka gunia chini, akamwinua wajina wake, akamchungulia mkiani.

"Mzee! Huyu ni msichana!"

"Basi mahari ni yako."

Gunia sasa paka na watoto wake wamelilalia. Wawili bado hawana majina. Nani anataka wajina?