Mkeka wa Jumapili ya Matawi

Hapa Lodwar, akina mama wanaosuka vikapu kando ya barabara huloweka majani ya mkoma kwenye karai. Harufu yake, kama ya mvua inayokaribia bila kunyesha, hunirudisha Kakuma, kwenye kanisa letu la mabati.

Wiki moja, nilipokuwa mtoto, watu wetu, wenyeji wa Kakuma, walipigana na wakimbizi wa kambini kwenye bomba la maji, na vibanda vyao vikachomwa. Mwanamke mmoja kati ya wakimbizi hao, aliyevuka mpaka wa Nadapal akiwa na mimba, akajifungulia kanisani. Jumapili ya Matawi, watu walipotoka, mama yangu alikusanya matawi yote ya mkoma akayatia majini.

“Mama, hayo yamebarikiwa,” katekista alisema. “Ukiyasuka, Jumatano ya Majivu mwakani tutachoma nini tupate majivu ya kuwapaka watu?”

“Mtoto analala kwa mchanga, mwalimu.”

Alisuka mchana kutwa. Nilisinzia nikisikia majani yakiteleza vidoleni mwake, huku miale ya jua ikitembea polepole sakafuni. Nilipoamka, mtoto alikuwa juu ya mkeka wa kijani, na katekista alikuwa amechuchumaa, akimpa mama yangu majani ya kumalizia.

Mwaka uliofuata hatukuwa na matawi makavu ya kuchoma. Katekista alibeba mkebe wake wa majivu, mtupu, hadi kibanda kipya cha yule mwanamke, akapiga hodi, akamwomba majivu ya jiko lake. Tulipanga foleni sote, hata vijana waliochoma vibanda, tukapakwa, tukarudi nyumbani na moshi wa jikoni kwake kwenye paji la uso.