Dobi Aliyekataa Kuiita Mvua Manyunyu

Saa kumi na mbili asubuhi. Dobi amesimama uani nyuma ya hoteli, shuka lililolowa begani, anatazama vilima vya upande wa mashariki. Anaishika kamba ya kuanikia kwa vidole viwili. Inanata kwa unyevu.

"Leo yasipokauka kabla ya saa saba, hayakauki tena," anasema, na kuanza kuanika mbiombio.

Mashuka ni arobaini na nane, ya vyumba ishirini na vinne. Akishaanika la mwisho, anajifuta mikono kwenye aproni, anaingia mapokezi na kuandika kwa chaki kwenye ubao ambao kila mgeni huutazama kabla ya kutoka: JUA KALI HADI SAA SITA. MVUA KUBWA SAA TISA.

Neno "mvua" ndilo linaloweza kumfukuzisha kazi.

Mama huyu wa miaka hamsini na mitatu, ambaye wenzake humtania kwa jina la Bi Mvua, amefua hotelini hapo kwa miaka kumi na sita. Ubao alikabidhiwa pale ilipogundulika kwamba mashuka yake hayanyeshewi ovyo.

"Mimi sina chombo cha kupimia," anasema akicheka. "Nina mashuka arobaini na nane ya kuniadhibu nikikosea."

Na hukosea. Masika yaliyopita alikosea siku kumi na moja kati ya tisini. Kila mara, kesho yake, aliandika juu kabisa ya ubao: JANA NILIKOSEA, MNIWIE RADHI.

Watu wakipiga simu kuuliza waje likizo mwezi gani, msichana wa mapokezi humwita yeye. Asubuhi hii kuna mama anayeogopa kwamba safari yake ya msimu wa joto itaharibika.

"Haiharibiki, mwaya. Asubuhi jua, mchana fukuto la kukutoa jasho ukiwa umekaa, saa tisa radi na mvua, saa kumi na moja kumetulia. Ukitaka pakavu kabisa, ngoja kipupwe. Ila ulete sweta! Usiku huku kuna baridi, usidanganywe na picha za watu waliovaa kaptula."

Maneno kama hayo ndiyo yanayomkera meneja. Kwake yeye, hapa ni jua mwaka mzima. Sweta hataki hata kulisikia. Na mvua, ameagiza kwa maandishi, iitwe "manyunyu".

Mwanzoni dobi alivumilia. Yeye akiandika, meneja akifuta. Hadi alipokuja mstaafu mmoja wa reli na mkewe, kusherehekea miaka arobaini ya ndoa. Ubao, baada ya kupita mkononi mwa meneja, ulisema manyunyu. Wazee wa watu wakapanda kilimani. Mvua ikawakuta huko juu, bibi akateleza kwenye mawe na kuvunjika mkono.

"Aliniuliza, 'Mwanangu, haya ndiyo manyunyu yenu?'" Dobi anajifuta macho kwa aproni. "Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Mvua ile niliijua tangu alfajiri. Nikasema basi, sinyamazi tena."

Tangu siku hiyo amepokea barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kuachishwa kazi.

Mdogo wake, fundi cherehani anayeishi naye katika nyumba ya vyumba viwili, amembembeleza hadi amechoka. "Namwambia, dada, si neno tu? Andika hayo manyunyu tule. Lakini wapi, sikio la kufa halisikii dawa!"

Saa mbili meneja anaingia, anausoma ubao, anachukua dasta.

"Mama, tumezungumza mara ngapi? Unawatisha wateja."

"Mvua si tusi, bosi. Mgeni haichukii mvua, anachukia kudanganywa. Haya, futa. Ila ukishafuta, andika jina lako chini, ili atakayevunjika ajue wa kumuuliza."

Mgeni mwenye kofia pana anajifanya anasoma gazeti. Meneja anaigeuzageuza dasta, anaiweka kaunta, anaingia ofisini na kubamiza mlango.

Saa tisa kasoro dakika kumi, mbingu zinafunguka. Wageni wote wako barazani, wakavu, wanaitazama mvua kwa vicheko. Mashuka yamekwishakunjwa.

Saa kumi bahasha inaletwa chumba cha kufulia. Ni barua ya tatu. Dobi anaisoma amesimama, anaitia mfukoni, kisha anaendelea kupiga pasi foronya hadi ya mwisho.

"Imeniuma, nisikufiche. Miaka kumi na sita si mchezo. Lakini nimtume mtu kilimani akavunjike ili mimi nile? Hapana. Katakata."

Mpango anao. Nyumba yake iko kando ya barabara pekee iendayo hotelini, na kila gari la mgeni halina budi kupita mbele ya uzio wake. Atafulia watu nyumbani, na kwenye uzio huo atatundika ubao wake mwenyewe, kila asubuhi, bure.

Jioni anamkabidhi mdogo wake ile barua. Fundi anaisoma mara mbili, anashusha pumzi. Halafu anachukua utepe wake wa kupimia nguo, anatoka nje na kuunyoosha kwenye uzio, nguzo hadi nguzo.

"Ubao wa futi nne unaenea," anasema. "Na herufi ziwe kubwa, dada. Magari hapa yanapita mbio."