Kadi Zangu Zilijaa Amri

Mimi najivunia kazi ya mikono yangu, na sioni haya kusema. Mwaka jana nilipoambiwa nitapokea msichana mwenye usonji katika gredi ya pili, hapa Voi, nilimaliza likizo nzima nikikata maboksi, nikichora na kufunika kwa selotepu. Kadi kumi na mbili, safi kuliko za dukani. Mtoto alikuwa na miaka minane na hajawahi kutamka neno. Nilishasoma kwamba picha husaidia watoto kama yeye kuwasiliana, basi siku ya kwanza niliingia darasani nikitembea kama bibi harusi.

Wiki sita zikapita. Nikimwonyesha kadi ya kukaa, anakaa. Ya kusimama, anasimama. Kisha ghafla anapiga mayowe, anajing'ata mkono, anatoroka mpaka kwenye tangi la maji, nami nyuma yake na viatu vyangu mkononi.

Mama yake, muuza ndizi sokoni, alikuwa akimleta kutoka Mraru kila asubuhi kwa bodaboda. Alhamisi moja baada ya masomo aliniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, kesho saa nane namchukua, harudi tena. Nampeleka kwa bibi yake mlimani, akae tu. Hapa anateseka."

Nilichemka. Nikazimwaga kadi zangu mezani aone nilivyohangaika. Alizipitia moja moja: kaa, simama, nyamaza, andika, panga mstari, kunja mikono. Akauliza kwa upole, "Na yeye akitaka kukuambia kitu, anatumia ipi?"

Nilizipekua zote kumi na mbili; haikuwamo hata moja. Miaka kumi na tisa nimezoea mimi kusema na wao kutii, hata nikaletewa mtoto anayetafuta njia ya kusema, nikamchorea amri zangu. Eti nyamaza, kwa mtoto asiyeongea! Aibu ilinichoma masikio. Lakini papo hapo nikahisi furaha imenipanda, maana kama kosa ni langu, kulirekebisha naweza.

"Niachie kesho tu," nilimwomba. "Saa nane ukiona bado, mchukue."

Tukakaa pale pale, yeye akitaja, mimi nikichora: maji, choo, nisaidie. Ya kusema kelele zimezidi tukaichora kama sikio lenye mstari mwekundu. Ya hapana ikawa kiganja kilichonyooshwa. Nikazitunga kwenye kamba.

Ijumaa asubuhi nilimvalisha kamba hiyo shingoni. Nikamshikisha kadi ya maji, nikampa maji. Tena na tena. Saa nne darasa likiimba hesabu kwa sauti, alinijia na kunisukumia lile sikio kifuani. Nikanyamazisha watoto arobaini. Akarudi kuketi, mkono hakuung'ata. Nikataka kukimbia ofisini kutangaza.

Saa nane mama akafika, akachukua mkoba wa mtoto. "Twende nyumbani."

Mtoto alipekua kadi zake taratibu. Akashika ile ya kiganja, akamwekea mama yake mbele ya uso.

Mama akaduwaa. "Amenikatalia," alisema, machozi yakimtoka. "Mwalimu, umeona? Mwanangu amenikatalia."

Nilikuwa nalia na kucheka. Akauweka mkoba chini. Kisha akamwambia tena twende, makusudi kabisa, ili akataliwe mara ya pili.