Bwana Tumepokea na Ngoma za Teno

Katika ofisi ya maji ya mji, dawati la malalamiko lilikuwa mwisho kabisa wa korido, ukishapita choo, na aliyekaa hapo walimwita Bwana Tumepokea. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho cha shingoni, lakini kitambulisho chenyewe kilikuwa na tabia ya kugeukia tumbo, kwa hiyo watu walimwita kwa neno walilolisikia zaidi kinywani mwake. Mtu akija kusema bomba lake limekauka tangu mwezi juzi, yeye aliitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akasema, "Tumepokea." Akija mwingine kusema bomba limepasuka na uani pamekuwa bwawa, "Tumepokea." Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na spana, hakuwa na mafundi, na maji ndiyo hakuwa nayo kabisa. Alikuwa na neno hilo moja, na alilitoa kwa upole kiasi kwamba wengi walitoka wakimshukuru, wakaja kushtuka wamefika getini kuwa wameambulia patupu.

Basi ikatokea Mkurugenzi akaenda semina ya kuboresha huduma katika mji mwingine, akarudi na vitu viwili: mafua na wazo. Mafua yalipona. Wazo lilikuwa kwamba ofisi aliyoitembelea ilikuwa na bendi ya gwaride, yenye matarumbeta na ngoma na sare za vifungo vinavyong'aa, na kwamba ofisi yenye bendi huonekana inafanya kazi hata ukiwa mbali. Mafundi walikuwa wakiomba pampu mpya tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Pampu hazikuja. Matarumbeta yalikuja ndani ya wiki chache, yamefungwa kwa sponji.

Wafanyakazi wakaitwa ukumbini kuchagua vyombo. Wasoma mita wakawahi matarumbeta, mabinti wa kaunta wakachukua matoazi, dereva wa lori la majitaka akakumbatia ngoma kubwa ya besi kama aliyekutana na ndugu yake. Bwana Tumepokea alichelewa, maana alikuwa akimsikiliza bibi mmoja ambaye malalamiko yake yalianzia kwa marehemu mumewe. Alipofika alikuta kimebaki kitu kimoja kwenye kona: ngoma nne zilizofungwa pamoja kwenye fremu ya chuma, ndogo mbili katikati, kubwa mbili pembeni, mithili ya masufuria kwenye jiko la hoteli.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Teno," alijibu mwalimu wa bendi.

"Wenzangu wana ngoma ngapi?"

"Moja moja."

"Mimi kwa nini nne?"

"Kwa sababu umechelewa."

Mwalimu huyo alikuwa mama mfupi, mstaafu wa bendi ya polisi, mwenye goti moja bovu na sauti isiyohitaji kipaza. Wote walimwita Afande, hata Mkurugenzi, ambaye alianza kumwita hivyo kwa bahati mbaya kisha akaona aibu kurudi nyuma.

Mazoezi yalifanyika nyuma ya ofisi, katikati ya mabomba yenye kutu. Siku za mwanzo Afande hakumruhusu kupiga kitu. Alimvika fremu mabegani na kumwambia atembee. Fremu iliegemea tumbo, tumbo likakataa, ngoma zikainuka mbele kama sinia linalotaka kumwagika.

"Shusha mabega," alisema Afande. "Usijikunje. Ngoma ndizo zimekuvaa wewe. Nataka wewe uzivae ngoma."

"Na tumbo, Afande?"

"Tumbo ni lako. Mimi nafundisha ngoma."

Alipopewa vijiti, vile vyenye vichwa vya duara, alipiga katikati ya ngoma kwa nguvu zake zote, kama anayebisha hodi kwa mdaiwa. Ngoma ikatoa sauti ya gunia lililoanguka. Afande akamshika kiganja na kukisogeza.

"Katikati sauti inakufa. Njoo huku, jirani na ukingo, lakini usiguse chuma. Umesikia inavyoimba? Sasa nenda ngoma ya pili. Usinyanyue mkono kama unafukuza kuku. Mkono husafiri kando, kama unafuta meza. Kiwiko kinabeba, kiganja kinapiga. Kila kimoja na kazi yake."

Kufuta meza aliweza. Balaa lilikuwa kupishana, pale mkono wa kulia unapotakiwa kupita juu ya wa kushoto, upige ngoma ya upande wa pili, kisha urudi kabla mwenzake hajaondoka. Mikono ya Bwana Tumepokea ilikuwa imekaa juu ya dawati miaka yote bila kutembeleana. Ikawa inagongana kama wageni mlangoni. Alijipiga vidole hadi ikawa akiandika malalamiko herufi zinalala.

Na bado kulikuwa na kutembea. Mwenye teno hawezi kwenda mbele tu kama mtu na akili zake. Bendi inapopita mbele ya wageni, yeye huenda kiubavu, kifua kikiwaangalia watazamaji, mguu mmoja ukikatiza mbele ya mwingine, na kiuno kimetulia ili ngoma zisirukeruke. Afande alimpanga pembeni ya ukuta, naye akatambaa kama kaa, akihesabu kimoyomoyo. Wateja waliokuja kulalamika walimkuta huko, wakasubiri afike mwisho wa ukuta, wakamweleza shida zao wakati anarudi.

Nyumbani alifanyia mazoezi kwenye ndoo. Ndoo zilikuwepo tele, maana mtaa wao ulipata maji kwa kubahatisha na kila nyumba iliweka safu ya ndoo uani zikae mkao wa kula. Alizipanga kwa ukubwa, akazipindua, akaanza. Mkewe, fundi cherehani, alivumilia jioni chache.

"Mume wangu," alisema siku moja bila kuinua macho kwenye kitambaa, "wanaume wa mtaa huu wanatafuta maji. Wewe umetafuta kelele, tena umeileta ndani."

"Ni kazi ya ofisi."

"Ofisi ya maji."

Aliyemtetea ni mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na ambaye masikio yake yalikuwa yameziba taratibu. "Mwache mkwe wangu apige," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Redio siisikii, wewe mwenyewe sikusikii. Hizi nazisikia."

Mambo yaliharibika mchana wa Jumapili. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bomba la uani likakohoa na kuanza kutoa maji, tena ya nguvu. Majirani wakatoka mbio. Mke akaacha cherehani ikizunguka, akakimbilia ndoo, akamkuta mumewe amezikalia mbele, macho amefumba, mkono wa kulia unapita juu ya wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kupishana kunakubali. Mikono ilipita bila kugongana, ikarudi, ikapita tena, na kitu fulani kifuani mwake kikafunguka ambacho hakukijua kuwa kilikuwa kimefungwa.

"Nipe ndoo."

"Ngoja nimalizie hapa."

"Maji yanatoka."

"Nisije nikayapoteza mapigo. Ngoja kidogo tu."

Alipomaliza, bomba nalo lilikuwa limemaliza. Mkewe alisimama na ndoo moja yenye maji ya kufika kifundo cha mguu, akamwambia yote aliyokuwa akiyabana tangu matarumbeta yaje, kwa sauti ya chini na bila kuruka kitu. Mumewe alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na kabla hajajua mdomo wake unafanya nini, akasema, "Tumepokea."

Wakaishi siku kadhaa kwa kuwasiliana kupitia mama mkwe, jambo ambalo, kwa hali ya masikio yake, lilileta mkanganyiko mkubwa kuhusu chumvi.

Siku ya kazi ikafika. Kulikuwa na bomba jipya la umma sokoni, na mgeni rasmi kutoka juu alikuja kulifungua. Mkurugenzi aliamua kuongoza bendi mwenyewe, akiwa na fimbo yenye kirungu cha fedha. Afande alikuwa amemshauri afanye mazoezi, akajibiwa kuwa uongozi haufundishwi. Bendi ikaondoka, fimbo ikipanda na kushuka kwa mwendo wake wa pekee, na wapigaji wote wakifuata ngoma ya besi ya yule dereva. Kwenye kona ya sokoni bendi ilipinda kushoto kama ilivyofundishwa. Mkurugenzi alinyooka moja kwa moja, kifua mbele, akaenda hadi kwenye mabanda ya vitunguu ndipo akagundua kuwa anaongoza soko.

Aliporudi, akihema, mgeni rasmi alikuwa tayari ameshika koki. Aliizungusha. Bomba likanguruma, likatetemeka, kisha likatoa upepo mrefu, kama mzee anayekaa kwenye kiti baada ya safari. Tone halikuonekana.

Mkurugenzi akasogea pembeni ya teno. "Piga," alinong'ona. "Piga chochote."

Bwana Tumepokea akapiga. Na hapa ni lazima isemwe ukweli: alipiga vizuri kuliko alivyowahi. Vijiti vilitua karibu na ukingo, mikono ilisafiri, ikapishana, ikakimbizana, naye akienda kiubavu mbele ya umati na ngoma zimetulia kiunoni kama zimeota hapo. Besi ikaingia, matoazi yakafuata. Watu wakaanza kupiga makofi, mgeni rasmi akacheza kidogo kwa mabega, wapiga picha wakageuka kwake, bomba likasahaulika likiendelea kupumua peke yake.

Lakini kwenda kiubavu kuna ubaya wake, kwamba huwezi kuwapa watu mgongo. Akiwa katikati ya mapigo yake bora, akajikuta uso kwa uso na mkewe, aliyesimama safu ya mbele na ndoo mbili. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama kama wanavyotazama watu wa kwenye foleni ya dawati lake, mtu akishajua hapati kitu ila hataki kuvunja heshima.

Jioni mkewe alimwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila mkalimani, "Umepiga vizuri sana. Umepiga mpaka bomba halikusikika."

Kesho yake alimfuata Afande nyuma ya ofisi, akamkuta anafuta matarumbeta.

"Afande, jana nilipiga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Mbona sijisikii vizuri?"

Afande aliendelea kufuta. "Nimekufundisha kupiga. Kuacha kupiga nako kuna ufundi wake, lakini hatukufika huko."

Picha za sokoni zilimvimbisha kichwa Mkurugenzi. Akatengeneza ratiba ya kufungua mabomba mji mzima, na wapo waliosema alikuwa akichagua kwanza siku ya bendi, kisha ndipo anatafuta bomba. La pili lilikuwa kwenye uwanja wa shule. Mgeni rasmi alikuwa yule yule. Koki ikazungushwa, bomba likanguruma, upepo ukaanza.

"Piga," alisema Mkurugenzi.

Bwana Tumepokea alishusha vijiti vikatulia juu ya ngozi. Dereva wa besi alimtazama, akasubiri, kisha naye akaweka kirungu chini. Uwanja mzima ukawa kimya, na katika ukimya ule sauti ya bomba ikasikika hadi safu ya mwisho, ndefu, yenye kikohozi katikati.

Mgeni rasmi aliinamisha sikio. "Hii ni nini?"

"Hewa, mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Tunasafisha njia kwanza."

"Maji yenyewe?"

Mkurugenzi, kwa kukosa pa kugeukia, aligeukia aliyekuwa karibu. Na aliyekuwa karibu alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kujibu swali hilo kila siku.

"Malalamiko hayo, mheshimiwa," alisema Bwana Tumepokea, "tumeyapokea. Yako mengi."

Alianza kucheka mwalimu mmoja wa kike, akafuata mpishi, kisha kicheko kikaenea uwanja mzima. Mgeni rasmi hakucheka, wala hakukaa kula chakula alichoandaliwa.

Kamati iliundwa wiki ile ile. Haikuwa kamati ya maji. Ilichunguza kwa nini mpiga teno hakupiga teno, ikahoji watu, ikanywa chai, ikagundua kuwa mhusika alitumia vibaya chombo cha ofisi kwa kutokukitumia. Akaondolewa kwenye bendi. Teno akapewa mpwa wa Mkurugenzi, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, naye akazipiga katikati, pu, pu, pu, mpaka Afande akaaga akisema goti lake halivumilii. Mkurugenzi mwenyewe hakupatwa na kitu. Baada ya muda alihamishiwa makao makuu na kupewa kitengo cha ubunifu. Shule ilipata lori la maji kila wiki. Mtaa wa Bwana Tumepokea ulibaki kama ulivyokuwa.

Dawatini alibakizwa, maana hakupatikana mtu wa kukubali kukaa pale. Ila sasa akishaandika, aliinuka, akatembea hadi chumba cha mafundi na kusimama mlangoni mpaka mmoja wao achoke kumwona. Hakufanikiwa sana. Mabomba machache yalitengenezwa.

Afande alikuwa na kikundi kidogo cha matarumbeta cha harusi, na teno zake za zamani, moja ina kiraka kwenye ngozi. Siku ya kwanza alipomchukua Bwana Tumepokea akapige, mkewe alisema anakwenda kuangalia tu, akaenda na mama mkwe, ambaye alidai akae karibu na besi. Barabara ya kwa bibi harusi ilikuwa ya vumbi, imechimbwa pande zote. Bwana Tumepokea alijivika fremu, akashusha mabega, akaanza kwenda kiubavu huku akiwaangalia wageni, asione aendako. Hatua chache tu mguu ukachungulia mtaroni. Mkewe akatoka kwenye watu, akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Shimo kushoto," alimwambia. "Sasa nyooka. Jiwe. Piga tu, mimi naangalia."