Kidole Kwenye Paji la Uso

Nakumbuka vizuri siku ambayo baba yangu, mwanamume aliyebeba gunia la viazi begani bila hata kuguna, alishindwa kuinuka kwenye kiti kwa sababu ya kidole kimoja cha mzee mwembamba. Nitakusimulia, mwanangu Kibet, kwa sababu ya lile ulilolisema jana tukinywa chai. Hiyo simu iweke mfukoni kwanza. Mitambo yenu ya umeme kule Olkaria haitazimika ukikaa na nyanya yako kidogo.

Ulisema mdogo wako Kiptoo ni mvivu. Ulisema tangu arudi kutoka chuoni analala tu, na mwezi huu ukiisha atoke hapa nyumbani akajitafutie. Mimi nikamimina chai, sikusema kitu. Usidhani nilikuwa nimekubali. Nilikuwa namkumbuka Dachesi.

Dachesi alikuwa ng'ombe wetu hapa hapa Molo, mweusi kwa mweupe, mwenye macho ya kudharau watu. Alitoka kwenye shamba moja kubwa akiwa ndama, na jina lake la Kizungu akaja nalo, sisi tukalitamka tulivyoweza. Nilimlea mimi. Nilimfundisha kunywa maziwa kwenye ndoo kwa kumtia vidole mdomoni, na mpaka alipokuwa mkubwa, akiniona alikuwa bado anatafuta mkono wangu aunyonye.

Basi mwaka mmoja baba akaamua ng'ombe asizurure tena kwenye matope. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ile inayoingia hadi kwenye meno. Akamjengea banda. Sasa baba hakuwa fundi. Alikuwa amejenga banda moja tu maishani mwake, la punda wetu Kapteni, na lile lilikuwa limetoka vizuri ajabu. Punda alilala humo kama mgeni wa heshima. Kwa hiyo baba akachukua ramani ile ile, akaongeza upana kidogo, akapiga mbao nzito upande wa mbele kutoka chini hadi juu ili upepo usipite. Akaita majirani waje kuona, nasi tukalisifu sana, maana lilipendeza kweli.

Mwanzoni Dachesi aliishi humo bila matata, ila alisimama muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu aliyesusia kitanda. Kisha akashika mimba, akawa mzito. Akilala, kumwamsha ni kazi. Magoti yakamvimba. Baba akaanza kunung'unika. "Huyu amezoea starehe," alisema. "Analetewa nyasi, analetewa maji. Ainuke aende wapi?" Akamtafutia fimbo.

Asubuhi moja tukamkuta amelala, na hakuinuka kabisa. Baba akasukuma, majirani wawili wakavuta mkia, mimi nikamwekea chumvi karibu na pua nikimbembeleza. Alijaribu, maskini. Alitetemeka, akakaa kama mbwa, akaanguka tena puu. Kufika saa nne baba alivua kofia, akatuma mtu kwa mchinjaji mjini aje na pikapu saa tisa. Afadhali nyama, akasema, kuliko kuzika ng'ombe na ndama wake tumboni. Mwanangu, nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Mama yangu hakulia. Mama alifunga kitambaa kichwani, akatoka, akaenda kumwita daktari wa mifugo bila kumuuliza mtu.

Daktari Ouma alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyekulia kando ya ziwa kule magharibi. Alikuja kwa baiskeli, gambuti zikining'inia kwenye usukani. Hakuwa mtu wa haraka. Alimsalimia ng'ombe kwanza, ndipo akatusalimia sisi. Akamshika masikio, akampima joto, akasikiliza tumbo, kisha akamfinya katikati ya kwato kuona kama mguu una hisia. Dachesi akauvuta mguu kwa hasira, na Daktari akatabasamu.

"Hana ugonjwa huyu," akasema.

"Si ndivyo nawaambia watu?" baba akadakia. "Ni uvivu tu, Daktari."

Daktari akajifuta mikono polepole. "Mzee, wewe umefuga ng'ombe tangu utotoni. Hebu niambie. Ng'ombe akiinuka, anaanza na nini?"

Baba akacheka. Akatutazama. Jirani mmoja akasema miguu ya mbele, mwingine akasema yote pamoja. Nakwambia, watu tuliozaliwa katikati ya ng'ombe, tukabaki tunaangaliana.

"Hapo ndipo mmekosea," Daktari akasema, bila ukali lakini bila kupepesa macho. "Mmesimama hapa tangu asubuhi mkimtukana akiwa amelala. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumtazama anavyoinuka."

Halafu akatupeleka banda la pili, kwa Kapteni, aliyekuwa amejilaza zake. Akapiga makofi. Punda akanyoosha miguu ya mbele, kifua kikapanda, kichwa kikaenda juu, kisha akasukuma kwa ile ya nyuma akawa wima. "Mmeona? Punda anaanza mbele," Daktari akasema. "Hili banda linamtosha kabisa, Mzee, umejenga vizuri. Lakini ng'ombe ni kinyume. Ng'ombe anaanza nyuma. Na ili yale makalio yote yanyanyuke, lazima kwanza arushe kichwa na shingo mbele, mbele sana, karibu na chini, uzito uhamie kwenye magoti. Ni kama wilbaro. Ukiielemeza mbele, nyuma inakuwa nyepesi."

Alipenda kueleza, yule mzee. Alituambia kwamba hata hayo tunayoyaita magoti ya mbele ya ng'ombe, kwa kweli ni vifundo vyake vya mikono, na goti la nyuma liko juu karibu na tumbo, mahali ambapo hatukuwa tukilitafuta. Alituambia kwao ziwani samaki hana taabu hii, maji yanambeba. Hata kiboko wa Naivasha, na unene wake wote, akiwa majini anatembea kwa ncha za vidole. "Lakini sisi tunaoishi nchi kavu," akasema, "kazi yetu ya kwanza kila asubuhi ni kujibeba wenyewe." Nilisahau kulia nikimsikiliza.

Lakini baba alikuwa bado anakaza shingo. "Daktari, niambie ukweli. Mbao tu ndizo zilaze ng'ombe mzima, na nguvu zile zote?"

Daktari hakubishana. Akanigeukia mimi. "Binti, niletee kiti chenye mgongo."

Nikaleta kiti cha sebuleni, mama akinikazia macho kwa sababu ya matope. Daktari akamkalisha baba. Akamwambia aegemee nyuma kabisa, akunje mikono kifuani, miguu ikae mbele. Kisha akanyoosha kidole kimoja, kidole hiki cha shahada, akakiweka katikati ya paji la uso wa baba. "Sasa inuka, Mzee."

Baba akatabasamu kama mtu anayemdekeza mtoto. Akajaribu. Tabasamu likapotea. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni, visigino vikachimba udongo, na matako hayakuachana na kiti hata kidogo. Mzee wa kanisa mzima, ameshindwa na kidole kimoja. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga ya mama, lakini kicheko kilinitoka puani. Jirani mmoja akaenda kushika nguzo asianguke kwa kicheko.

Mwanangu, usinitazame hivyo. Jaribu wewe mwenyewe kwenye hicho kiti. Huwezi kusimama mpaka kichwa kiende mbele kwanza, kipite juu ya miguu. Ukizuiwa hapo, miguu inaweza kuwa na nguvu za trekta na isikusaidie kitu.

"Kidole kimoja," Daktari akasema, bado amekishikilia. "Na wewe umemwekea mbao."

Baba akaanza kucheka, ule mcheko wake wa tumboni, na Daktari akamwondolea kidole akainuka. Lakini Daktari mwenyewe hakuwa akicheka tena. Alisema tusipoteze muda. Ng'ombe mzito akilalia mguu wake, uzito wake mwenyewe unauminya, damu haipiti vizuri, na kufika jioni nyama ya mguu ule ingekuwa imekufa. Hapo, akasema, hata yeye angemkaribisha mchinjaji.

Ungemwona baba na mtaimbo! Alikuwa ameipiga ile misumari kwa moyo wote, sasa ikawa inamlipa. Aling'oa huku akiilaani kazi yake mwenyewe, jasho likimtiririka katika baridi ile. Mbao za mbele zilipotoka, tukamgeuza Dachesi alalie upande mwingine, tukamwagia nyasi kavu chini ya kwato asiteleze. Daktari akatuambia tukae kando na tunyamaze. Mkia usiguswe na mtu.

Upepo ukampiga Dachesi usoni. Akanusa ile nafasi mbele yake kama haamini, akajikunja, akarusha shingo mbele yote, kidevu karibu kiguse ardhi, na pale pale makalio yakapanda. Akabaki amepiga magoti, akitetemeka. Kisha akatoa mguu mmoja wa mbele, akautoa wa pili, akasimama. Halafu akakojoa kwa muda mrefu sana, akitutazama kwa dharau yake ile ile.

Baba alimwendea akampapasa shingo. "Samahani, mama," akamwambia. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha hadharani, na siku hiyo alimwomba ng'ombe mbele ya majirani. Mchinjaji alipofika saa tisa, alimkuta Dachesi akila nyasi. Alikunywa chai, akapewa kabichi mbili za kupeleka nyumbani, akaondoka bila kinyongo. Na Dachesi alipozaa, alizaa mtamba mzuri mwenye doa jeupe usoni. Baba mwenyewe ndiye aliyempa jina. Tulimwita Kidole.

Sasa turudi kwa Kiptoo.

Ulipopata kazi yako ya mitambo ya mvuke, tulifurahi sote, mimi nilicheza mbele ya wageni mpaka kiuno kikauma. Wewe ulipopita, ukataka na mdogo wako apite hapo hapo. Ukampeleka chuo kile kile, kozi ile ile, ukampa hata begi lako la zamani. Ulifanya kwa upendo, najua. Hata baba alijenga lile banda kwa upendo. Alichosahau ni kwamba anayeingia humo si punda. Usininunie, sijakuita punda. Kapteni alikuwa na akili kuliko wengi wa wajumbe wetu. Nasema tu wewe una namna yako ya kuinuka, na mdogo wako ana yake.

Wewe unamwona Kiptoo Jumapili moja moja, na unamkuta amelala. Mimi nakaa naye. Wiki iliyopita ng'ombe wa jirani alikwama akizaa. Kiptoo aliruka kitandani akatoka bila viatu, na alirudi jua limepanda, damu hadi viwikoni, akicheka peke yake. Ng'ombe mzima, ndama mzima. Kwa hiyo miguu ina hisia, mwanangu. Nimekwisha kuifinya. Je, wewe uliwahi kumuuliza kama anaitaka hiyo mitambo? Hapana, uliza moyo wako, mimi usinijibu.

Nasaha yangu ndiyo hii. Kabla hujamwita mtu mvivu, mtazame akijaribu kuinuka. Angalia mbele ya kichwa chake kuna nini. Mara nyingi utakuta nguvu anazo, ila amenyimwa nafasi ndogo tu ya kuelemea mbele. Na ukikuta kilichomzuia ni kazi ya mikono yako, ing'oe, hata kama misumari uliipiga vizuri, hata kama majirani waliisifu. Usingoje mwisho wa mwezi. Miguu iliyolaliwa muda mrefu hufa, na hapo hata ukiomba msamaha, utakuwa unaiambia nyama.

Chukua kikombe hiki cha chai umpelekee. Gonga mlango, keti, muulize anataka nini, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Mungu akubariki, Kibet, wewe na ndugu yako. Awape miguu yenye hisia na nafasi ya kutosha mbele ya vichwa vyenu, na kila mtakapoanguka, awaletee mtu wa kuwatazama vizuri kabla ya kuwatafutia fimbo. Nenda sasa, na hicho kidole chako uende nacho mfukoni.